Dar hadi Watamu kwa gari, watu wawili, siku 6: karatasi, njia na maji

Mkwaju wa Tegeta

Wakuu, habari za jioni.

Mimi na mke wangu tunataka kwenda Watamu, pwani ya Kenya, mwezi wa pili, kwa gari letu wenyewe. Gari ni RAV4 ya 2004, cc 2000, petroli, inatembea kama kilomita 10 kwa lita barabara kuu. Tuna siku 6, kutoka nyumbani hadi kurudi nyumbani. Pasi za kusafiria tunazo, leseni kila mtu ana yake, na tutapokezana usukani. Gari lina bima kubwa. Kadi ya gari ina jina langu pamoja na la benki kwa sababu mkopo haujaisha.

Naomba kujua: karatasi gani zinahitajika mpakani Horohoro, tupite njia gani kutoka Tegeta, siku moja inatosha kufika, na mwezi wa pili bahari ya kule inakuwaje? Mke wangu anataka kuona matumbawe, mimi nataka kuogelea bila kukatwa miguu. Asanteni.

---

Forodha Mstaafu

Mkuu, anza na benki. Barabara itakusubiri.

Kadi ikiwa na majina mawili, afisa wa forodha anaona wamiliki wawili, na mmoja hayupo mbele yake. Omba benki barua ya ridhaa ya kutoa gari nje ya nchi. Barua iwe na namba ya gari, namba ya chasisi, namba ya injini, jina na namba ya pasi ya kila atakayeendesha, nchi mnayokwenda, na tarehe ya kutoka na ya kurudi. Tarehe ya kurudi ongeza siku 3 au 4, gari likiharibika msije mkawa mmeisha muda. Kama kadi halisi inakaa benki, omba nakala iliyothibitishwa na uiambatanishe na barua. Peleka maombi wiki tatu kabla, kwa sababu barua ya aina hii haitoki kwenye tawi, inapanda makao makuu na kushuka tena.

Nenda uwani ukasome namba ya chasisi kwenye gari lenyewe, uilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Herufi moja iliyokosewa kwenye barua inatosha kuwaweka kivulini nusu siku.

Sasa bima. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Bima kubwa ya hapa haivuki mpaka yenyewe. Unahitaji vitu viwili tofauti:

Cha kwanza ni kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango wa kadi ya njano, kwa hiyo kampuni yako ya bima inaweza kukupatia. Hii inamlinda mtu mwingine utakayemgonga au utakayemharibia mali, kwa viwango vya sheria ya Kenya. Gari lako hailigusi kabisa.

Cha pili ni kuongezewa eneo kwenye bima kubwa yenyewe, kwa maandishi, ili gari lako likigongwa au likiibwa Kenya ulipwe. Ukiambiwa kwa mdomo kwamba "inafanya kazi Afrika Mashariki yote", omba karatasi. Na kwa kuwa gari lina mkopo, benki nayo itaiulizia hiyo karatasi.

Mpakani ni kituo cha pamoja. Maana yake, ukitoka Tanzania unahudumiwa na nchi zote mbili upande wa Kenya, Lunga Lunga. Ukirudi, yote yanafanyika Horohoro. Mpangilio ni afya, uhamiaji wa kutoka, uhamiaji wa kuingia, kisha forodha: TRA waandike kwamba gari linatoka kwa muda, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, watoe kibali cha gari la kigeni kukaa kwa muda. Hizo karatasi mbili za gari ndizo roho ya safari. Bila ya TRA, kurudi kwako gari linaweza kuonekana kama linaingizwa nchini. Bila ya KRA, au ikiisha siku, gari linahesabika kuwa limeingia Kenya bila ushuru, na hapo ni faini na kuzuiliwa. Kabla ya kutoka dirishani soma kibali: namba ya gari, chasisi, tarehe ya mwisho. Siku mnayorudi hakikisheni kimefungwa. Msipite tu kwa sababu geti liko wazi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu awe na yake. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Wasiochanjwa wachanje mapema; sindano ya juzi haisaidii kitu.

Viza hakuna kwa Mtanzania, na ule utaratibu wa kibali cha mtandaoni ambao Kenya iliuanza Januari 2024 hauwahusu raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tapeli akikutumia kiungo cha kulipia, kiache. Leseni ya Tanzania inatumika. Kitambulisho cha NIDA hakivushi mtu Kenya. Asiye na pasi achukue hati ya dharura ya kusafiria uhamiaji.

---

Joshini

Nakuongezea njia, mkuu.

Kwa mtu wa Tegeta usirudi Ubungo. Panda Bunju, Bagamoyo, halafu barabara ya Bagamoyo hadi Msata, lami, kilomita 64. Unatokea Msata ukiwa umeikwepa Kibaha, Mlandizi na Chalinze, yaani umeyakwepa malori yote ya Morogoro. Kutoka Msata unavuka Wami kwenye daraja jipya lililofunguliwa 2022 (lile jembamba la zamani mnaliona pembeni), unapita Mbwewe, Mkata, Kabuku, unafika Segera. Segera kunja kulia, maana ukinyoosha unakwenda Korogwe na Moshi. Halafu Hale, Muheza, Tanga. Jumla ni zaidi kidogo ya kilomita 300.

Kilomita hizo si nyingi, lakini zina vijiji vingi, na kila kijiji kina kibao cha 50, matuta, na mara nyingi tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Gari la mbele likipunguza ghafla bila sababu unayoiona, sababu ipo. Hesabuni saa 5 na nusu hadi 6 kufika Tanga. Mwenye kusema saa 4 ama anasafiri usiku ama hajajumlisha faini. Tena, kabla ya kuondoka angalieni deni la faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki na mlilipe kwa kontrol namba. Deni la Mwenge la miezi minane linaweza kuibuka Kabuku.

Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami nzuri, saa moja. Kutoka Lunga Lunga hadi Ukunda kama kilomita 70. Hapa badilisheni mwendo wa akili: vizuizi vya polisi wa Kenya vina misumari imetandazwa barabarani, inaacha kanjia ka kupitia. Punguza mapema, shusha kioo, zima taa kubwa kama giza limeingia, subiri ishara. Na matatu husimama popote abiria alipo, bila kuonya.

Zamani ungefika Likoni na kupanga foleni ya kivuko. Sasa ipo barabara ya Dongo Kundu, kama kilomita 17 na nusu, yenye madaraja ya Mteza na Mwache. Inachepuka kushoto Kibundani, baada ya Ukunda, inatokea Miritini kwenye barabara ya Nairobi. Hapo unakunja kulia kurudi mjini Mombasa, Changamwe, Makupa, halafu daraja la Nyali, Mtwapa, Kilifi. Ukifika Gede unakunja kulia, kilomita chache uko Watamu.

Sehemu mbaya ya safari nzima ni Nyali hadi Mtwapa. Si mbali, lakini kuanzia saa 10 jioni unaweza kukaa hapo muda ule ule uliotumia kutoka mpakani. Pitieni kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana.

Kwa hesabu hiyo siku moja haitoshi. Mkitoka Tegeta saa 11 alfajiri, Tanga saa 5 asubuhi, mpaka mmeumaliza saa 8 mchana, Mtwapa mnaingia saa 11 na nusu, katikati ya foleni, na Watamu usiku. Kilifi hadi Gede kuna baiskeli zisizo na taa na mbuzi waliolala kwenye lami. Laleni Tanga.

---

Mwanachuda

Naunga mkono kulala Tanga, ila msiifanye Tanga kama gereji ya kulaza gari. Fikeni mchana, mkale samaki, na saa 8 mkaone mapango ya Amboni, kilomita kama 8 tu kutoka mjini, njia hiyo hiyo ya Horohoro. Viatu vya kufunga, tochi ya mkononi (ile ya mwanga, si ya trafiki), na kichwa kiinamishwe. Asubuhi mnatoka saa 1, saa 2 mpo mpakani kabla mabasi hayajateremsha watu. Basi moja likikutangulia dirishani ni watu hamsini mbele yako.

Machungwa nunueni Muheza mkirudi. Mkienda nayo mtaulizwa ukaguzi wa mimea mpakani, mtaishia kuyala yote hapo hapo.

Mambo madogo yanayokamatisha watu:

Mifuko ya plastiki. Kenya imepiga marufuku tangu Agosti 2017, sisi tangu Juni 2019, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwa nayo, lakini ipo chini ya viti vya magari mengi. Safisheni gari. Na tangu Juni 2020 Kenya hairuhusu plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi, zikiwemo chupa za maji. Hifadhi ya bahari ya Watamu ni hifadhi. Bebeni chupa ngumu za kujaza upya.

Mirungi. Kule ni biashara halali, inauzwa wazi, dereva wa bodaboda anatafuna mbele ya askari. Huku ni dawa ya kulevya kwa sheria, kiasi chochote. Hata kitita cha kumchekesha rafiki kisivuke Horohoro.

Ndege ndogo ya kamera: bila kibali cha mamlaka ya anga ya Kenya inabaki forodhani. Acheni nyumbani.

Pesa. Shilingi moja ya Kenya huwa inacheza karibu na 20 za kwetu. Angalia kiwango cha siku hiyo kabla hujafika, uandike kwenye karatasi: 5,000 za Kenya ni ngapi, 10,000 ni ngapi. Wabadilishaji wa mkononi mpakani wana kikokotoo chao na hesabu yao. Noti ya 1,000 ya Kenya ya toleo la zamani haina thamani tangu Oktoba 2019. Ukipewa yenye picha ya mzee usoni, irudishe pale pale. Mpya zina jengo la KICC. Badilisha ya kutosha chai, mafuta kidogo na dharura tu, mengine malizia kwa simu: laini ya Safaricom inasajiliwa kwa pasi, na kule karibu kila duka linapokea M-Pesa kwa namba ya till, kama lipa namba yetu.

---

Rejeta Kavu

Mwenzenu mmempa karatasi na chakula, gari hamjamgusia.

Mkuu, RAV4 ya 2004 cc 2000 kutoka Japani ina injini ya 1AZ, wengi tunaiita D4. Ugonjwa wake unajulikana: boliti za silinda hedi upande wa nyuma, ule unaotazama abiria, hupoteza uzi kwenye bloku. Hedi inapata nafasi, maji yanavuja kidogo kidogo, na kwa kuwa ni nyuma huoni tone chini. Mjini halijitokezi. Linajitokeza kwenye safari ya saa tano, jua la Februari, AC imewashwa, mlima wa Segera.

Mpime hivi. Injini ikiwa ya baridi kabisa, jaza rejeta hadi mdomoni na tangi la akiba hadi mstari wa juu. Endesha wiki moja, kagua tena ikiwa ya baridi. Ikipungua na bomba zote ni kavu, chukua taa na kioo kidogo, tazama nyuma ya injini pale hedi inapokutana na bloku. Ukiona ukoko mweupe au wa waridi, hiyo ndiyo. Hiyo haizibwi kwa dawa ya kumimina, inatengenezwa kwa kuchongea uzi mpya na kuweka vipande vya chuma, na kazi hiyo ifanyike Dar siku nyingi kabla. Kama iko hivyo na muda hamna, pandeni basi.

D4 pia inachukia mafuta machafu. Badili filta ya petroli kama haikumbukwi ilibadilishwa lini, na jaza kwenye vituo vyenye magari mengi, mafuta yasiyokaa chini ya ardhi mwezi mzima.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikizidi miaka sita, hata kama meno yapo, isiende Kenya. Upepo pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, sio kwa kupiga teke. Spea nayo ipimwe. Kila mara spea ndiyo imelala.

Beba jeki na spana yake, pembetatu mbili, kizima moto ambacho mshale uko kwenye kijani, mkanda wa feni wa akiba, fyuzi, oili lita 1, maji lita 5. Petroli kwenye madumu hapana.

Hesabu ya mafuta: Tegeta hadi Tanga kama lita 32. Jaza tangi Tanga hadi juu. Tanga hadi Watamu kwa Dongo Kundu ni kama kilomita 290, lita 29. Mizunguko ya kule tuseme lita 10. Kurudi Tanga 29. Jumla 68, na tangi lako halifiki lita 60. Kwa hiyo lita 15 hadi 20 utanunua Kenya, na petroli yao kwa kawaida ni ghali kuliko yetu. Usijaze zaidi ya hapo. Bei zetu EWURA hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, zao EPRA hutangaza tarehe 14, zinaanza 15. Mkiwa mnakwenda tarehe za katikati angalieni zote mbili.

---

Mla Bata Mikocheni

Kwa nini wazunguke Msata? Si wapite Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga? Ni karibu na baharini njia nzima. Na Likoni wapande kivuko, ndiyo raha ya safari.

---

Joshini

Kwenye ramani ni karibu. Barabara hiyo ya pwani inajengwa kwa vipande, inakatiza hifadhi ya Saadani ambako kuna ada za kuingia, na udongo wake ukipata mvua ni mweusi wa kunasa. Mwenye gari refu na siku mbili za kuchezea sawa. Wao wana siku 6 na mkopo wa benki.

Kivuko wakitaka kukiona, wapande kwa miguu, wenye miguu hawalipi.

---

Bamvua

Mkwaju, bahari ndiyo uliyoiuliza mwisho na ndiyo itakayoamua kama mtafurahi.

Mwezi wa pili ni kaskazi. Upepo unatoka kaskazini mashariki, na kuelekea mwisho wa mwezi unalegea. Kwa Watamu ni wakati mzuri: maji yanaona chini, mwani ni kidogo ufukweni. Kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, mwani unarundikana ufukweni hadi magotini na maji yanachafuka. Kizuri cha kusi ni nyangumi wanaopita Julai hadi Septemba.

Ila msichanganye Watamu na Malindi. Ni kama kilomita 25 tu, lakini kaskazini ya Malindi ndipo mto Sabaki unapomwaga. Kipindi cha kaskazi mkondo unayasukuma matope ya mto kuja kusini, na bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Wakati huo huo Watamu ni safi. Kusi ikija, matope yanasukumwa kaskazini. Kwa hiyo Malindi nendeni nchi kavu: nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika pale Aprili 1498, mji wa kale, na chakula. Kuoga rudini Watamu.

Sasa maji kupwa na kujaa. Pwani yetu hii na yao ni moja, na saa zake ni zile zile. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanakauka kabisa kwenye saa 4 hadi 5 asubuhi, na yanajaa saa 10 hadi 11 jioni. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja ni maji mafu: tofauti kati ya kupwa na kujaa ni kama mita 1 tu, wakati bamvua inapita mita 3.

Hiyo ina maana gani kwenu? Mke wako anayetaka matumbawe anafaa siku za bamvua, asubuhi. Boti hutoka maji yakiwa yanapwa, mafungu ya mchanga yanajitokeza katikati ya bahari, matumbawe yako karibu na uso na jua linayafikia. Wewe unayetaka kuogelea, asubuhi hiyo hiyo mbele ya hoteli hakuna bahari, kuna mawe, nyasi na wale wanyama wa miiba mieusi. Miguu yako itakatwa pale pale ulipoogopa. Subiri saa 9 alasiri uingie. Mkienda maji mafu, mtu anaweza kuogelea asubuhi lakini mafungu ya mchanga hayaonekani vizuri. Kwa watu wawili wenye matakwa mawili, chagueni siku 1 au 2 baada ya mwezi mpevu: asubuhi yake, jioni yako. Viatu vya mpira vya kuingilia majini bebeni toka Kariakoo, kule bei ni ya mgeni.

Mdomo wa hori la Mida, hapo Watamu, usiogelee maji yanapotoka. Hori zima linamwagika kwenye mlango mmoja na mkondo wake unamshinda mtu mzima.

Hifadhi ya bahari ya Watamu, ya tangu 1968 pamoja na ile ya Malindi, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ada inalipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali ya Kenya, taslimu hawapokei, na raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake tofauti na cha Mzungu. Kiwango hicho unakipata ukiwa na pasi mkononi, si picha ya pasi kwenye simu iliyoishiwa chaji. Ukikubaliana bei na mwenye boti uliza: ada ya hifadhi imo au haimo? Miwani ya kuzamia imo? Saa ngapi majini? Ugomvi wote wa ufukweni unaanzia kwenye maswali hayo matatu yasiyoulizwa.

Na msikanyage matumbawe. Ukichoka, lala chali uelee.

---

Mkwaju wa Tegeta

Asanteni sana, nimeandika yote. Bwana Rejeta Kavu, maji nimejaza leo asubuhi, nitarudi na jibu wiki ijayo. Sasa naona kwa kulala Tanga kwenda na kurudi, siku kamili za Watamu zinabaki mbili na nusu. Inafaa kweli au tubadili?

---

Mwanachuda

Ongezeni siku moja ziwe 7, au mbadili mwisho wa safari uwe Diani. Diani iko Ukunda, kabla ya Mombasa. Hakuna Dongo Kundu, hakuna Nyali, hakuna Mtwapa. Kutoka Tanga saa 1 asubuhi mnakula chakula cha mchana ufukweni. Matumbawe yapo: njiani mnachepuka Shimoni, mnapanda boti kwenda hifadhi ya Kisite, kisiwa cha Wasini mnakiona. Kwa siku 6 mimi ningesema Diani bila kusita.

---

Bamvua

Diani ufukwe wake ni mzuri kweli, mchanga mweupe mrefu. Lakini Watamu ina kitu ambacho Diani haina: Gede. Mji wa Waswahili wenzetu ndani ya msitu, misikiti, visima, kasri, mitaa yenye mifereji ya maji, ulioachwa karne ya 17. UNESCO waliuandika urithi wa dunia mwaka 2024. Uko pale pale njia panda ya kuingilia Watamu, na msitu wa Arabuko Sokoke ng'ambo ya barabara. Nendeni jioni saa 9, jua likipita kati ya mibuyu. Kwa hiyo siku 7 na Watamu. Mkibaki na 6, Diani.

Hata mkienda Watamu msijiongeze kwenda Lamu kwa gari kwa sababu tu ramani inaonyesha lami. Kipande cha huko kina historia ya mashambulizi na vizuizi vingi. Lamu ina safari yake, ya ndege.

---

Forodha Mstaafu

Mkiongeza siku, rekebisheni na tarehe kwenye barua ya benki na kwenye kadi ya njano kabla hazijachapwa. Nimeona mmeongeza siku kwenye mazungumzo, karatasi hazisomi mazungumzo.

Na angalieni kalenda ya Ramadhani, miaka hii inaangukia humo humo Februari. Mchana migahawa mingi ya wenyeji kuanzia Tanga hadi Kilifi inafungwa au inafunika pazia. Watamu kwenyewe hamtakosa, menyu nyingi ni za Kiitaliano na majiko hayazimwi. Ila njiani bebeni chakula, na mle ndani ya gari.

---

Mkwaju wa Tegeta

Siku 7, Watamu. Mke wangu ameshafungua kalenda ya mwezi kwenye simu, anatafuta mpevu. Kesho saa 3 nipo benki.

---

Rejeta Kavu

Na funguo ya pili ya gari akae nayo shemeji, kwenye mkoba wake, sio ndani ya gari.